Bobby Jones na Shimo la 11

Gofu ni mchezo wa wachache, na wengi wetu visiwani tunauhesabu kuwa starehe ya wenye nafasi. Hata hivyo, umo ndani yake mtihani anaoufahamu kila aliyekabidhiwa kalamu ya umma: mchezaji huhesabu mipigo yake mwenyewe, na mara nyingi hapana wa kumkagua. Ndiyo sababu leo twayaeleza maisha ya Bobby Jones.

Jones alizaliwa mjini Atlanta, Marekani, mwaka 1902. Alikuwa mwanasheria, na hakushindana kwa malipo. Ujanani alikuwa mwepesi wa hasira. Mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 19, alishiriki mashindano makuu ya Uingereza uwanjani St Andrews, Uskochi. Katika raundi ya tatu mambo yalimharibikia; mashimo tisa ya mwanzo yalimgharimu mipigo 46. Kwenye shimo la 11 mpira ulizama mchangani, naye akauokota bila ya kulimaliza shimo. Katika mashindano ya aina hiyo, asiyemaliza shimo hana hesabu ya kuwasilisha. Akatoka, na jambo hilo alilijutia.

Mwaka 1925, huko Worcester, katika mashindano makuu ya Marekani, alifikwa na mtihani mwingine, tena kwenye shimo la 11. Alipojiandaa kupiga, mpira ulitikisika majanini. Hapana aliyeona ila yeye, na waamuzi walimwachia uamuzi. Akajiongezea mpigo mmoja. Mwisho alilingana na Willie Macfarlane kwa mipigo 291, na katika marudio akashindwa kwa mpigo mmoja.

Mwaka 1927 alirejea St Andrews akashinda, na mwaka 1930 alitwaa mataji manne makuu, kisha akastaafu akiwa na miaka 28. Baadaye maradhi ya uti wa mgongo yalimlemaza. Mji wa St Andrews ulimtunukia uraia wa heshima mwaka 1958, naye akafariki mwaka 1971. Hatumfanyi malaika: klabu ya Augusta, aliyoshiriki kuiasisi, haikumpokea mwanachama mweusi hadi mwaka 1990.

Mtihani wake ungalipo. Mchezaji dhaifu hupewa handikapu, yaani nafuu ya mipigo ili alingane na hodari, nayo hukadiriwa kwa alama anazowasilisha. Kwa kanuni zinazotumika duniani tangu mwaka 2020, anayeruhusiwa kuacha shimo aliloanza haliachi tupu. Huhesabu mipigo aliyokwisha kupiga na adhabu zake, kisha huongeza ile ambayo yaelekea angehitaji kumalizia, na jumla ina kikomo. Anayepunguza hujipa sifa isiyo yake. Anayezidisha huiba nafuu ya wenzake.

Nasi tulio maofisini tunayo mashimo yetu. Kisima kimechimbwa, pampu haijafungwa. Darasa limejengwa, paa halijaezekwa. Kazi isiyokwisha si aibu ikiandikwa kuwa haikwisha, ikaelezwa ilipofikia na kilichobaki. Aibu ni kuiandika kuwa imekamilika, kwani mama mwenye ndoo atafika kisimani na kukikuta kikavu, na kwa mujibu wa ripoti yetu hatakuwa na haki hata ya kulalamika. Basi tuandike kama Jones wa mwaka 1925, hata pasipo wa kutuona.