PAUL ROBESON NA NYUMBA YA EDGECOMBE

Marehemu Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mashuhuri wa Marekani, alizaliwa Princeton mwaka 1898. Babaye alizaliwa utumwani, akatoroka angali kijana. Robeson alisomea sheria, lakini sauti yake nzito ndiyo iliyompa jina ulimwenguni. Alipokuwa akikaa London alijifunza Kiswahili, kwani aliipenda Afrika, nchi ya wazee wake.

Mwaka 1939 alirejea New York, akapanga katika nyumba namba 555, barabara ya Edgecombe. Nyumba hiyo kubwa ya ghorofa ilijengwa baina ya mwaka 1914 na 1916, na kwa miaka mingi walipangishwa watu weupe peke yao. Zamani zile za Robeson ndipo kizuizi hicho kilipoondoka. Baadaye waliishi humo watu weusi wengi wenye sifa, miongoni mwao Count Basie, mpiga piano.

Robeson alihama mwaka 1941. Kwa kuwa hakunyamaza juu ya haki za watu weusi na siasa za dunia, serikali yake ilimnyang'anya pasi ya safari mwaka 1950, wala hakuipata tena hata mwaka 1958. Alifariki tarehe 23 Januari, 1976.

Mwaka ule ule serikali hiyo hiyo iliitangaza nyumba ya Edgecombe kuwa ukumbusho wa taifa, kwa jina lake Robeson. Hivyo nyumba iliyowafungia mlango watu wa rangi yake leo yajulikana kwa jina la mwana wa mtumwa.