Johannes Kepler na Njia za Sayari

Katika mji mdogo wa Weil, nchi ya Ujerumani, alizaliwa mtoto dhaifu mwaka 1571, jina lake Johannes Kepler. Angali mdogo alishikwa na ndui. Akapona, lakini macho yake hayakuona vema maisha yake yote. Alipokuwa na umri wa miaka sita, mama yake alimpeleka mahali pa juu, akamwonyesha nyota yenye mkia.

Alisoma akikusudia kuwa mhubiri, walakini mwaka 1594 akapelekwa Graz kufundisha hesabu. Huko alifukuzwa mwaka 1600 kwa kuwa hakukubali kuyaacha madhehebu yake, akaenda Prague kwa Tycho Brahe. Huyu Tycho alikuwa amezipima nyota usiku baada ya usiku kwa miaka mingi, wala hapana mtu wa zamani zile aliyepima kwa usahihi kama yeye, ingawa darubini zilikuwa hazijapatikana bado. Mwaka uliofuata Tycho akafa, na vipimo vyake vikabaki mikononi mwa Kepler.

Tangu kale wenye elimu ya nyota walishika neno moja: sayari, zile zionekanazo kama nyota zihamahamazo, huenda katika duara kamili. Hata Copernicus, aliyefundisha kwamba dunia ni sayari izungukayo jua, hakuliacha neno hilo. Kepler naye alilishika. Akaichagua Mirihi, sayari iliyowasumbua wote, akatafuta duara la kufaa njia yake, akajaza karatasi kwa mamia. Mwishowe akapata duara lililokaribia sana. Lakini alipolilinganisha na vipimo vya Tycho, palikuwa na tofauti ndogo, kama robo ya upana wa mwezi uonekanavyo mbinguni. Mtu mwingine angaliinyamazia. Kepler alijua jinsi Tycho alivyopima. Kosa halikuwa la mpimaji, basi lilikuwa la duara. Akaitupa kazi yake yote, akaanza tena.

Akajaribu umbo la yai, nalo halikufaa. Mwaka 1605 akatambua ya kuwa njia ya Mirihi ni duara lililobanwa kidogo mbavuni, na jua halimo katikati yake, bali kando kidogo. Tena sayari ikaribiapo jua huenda mbio, na ikiwa mbali huenda polepole. Mambo hayo aliyapiga chapa mwaka 1609. Mwaka 1618 akavumbua kanuni izifungayo sayari zote pamoja: sayari ikiwa mbali na jua mara 4 kuliko dunia, italizunguka kwa miaka 8, ikiwa mbali mara 9, kwa miaka 27.

Siku hizo hakuwa na raha. Mama yake alishitakiwa uchawi, na mwaka 1620 akafungwa kwa minyororo. Kepler akaziacha hesabu zake, akasafiri, akayajibu mashitaka moja moja, hata mwaka 1621 mama akafunguliwa. Alikuwa mzee, naye akafa mwaka uliofuata.

Kepler mwenyewe alikufa mwaka 1630 mjini Regensburg, alikokwenda kutafuta fedha aliyokuwa akidai. Baadaye vita vikafika huko, makaburi yakaharibiwa, na lake halikuonekana tena.