Paul Klee na Ugonjwa Usiokuwa na Jina

Paul Klee nilikuwa nikimjua kwa picha zake tu, na kwa safari ya 1914 alipokwenda Tunis, Hammamet na Kairouan, mji wa msikiti wa Uqba bin Nafi, akarudi amejaa rangi. Maradhi yake niliyajua baadaye, siku daktari alipotaka damu ya shangazi yangu.

Klee alizaliwa 1879 Münchenbuchsee, karibu na Bern, Uswisi. Babake alikuwa Mjerumani, mwalimu wa muziki. Mwenyewe alikuwa fundi wa fidla, chombo tunachokijua sisi wapenzi wa taarabu. Alisomesha Bauhaus tangu 1921 hadi 1931, kisha Düsseldorf, mpaka Wanazi wakamtoa kazini 1933, akarudi Bern.

Mwaka 1935 akaugua. Kwanza alidhaniwa ana surua. Ngozi ya uso ikakaza kama ya ngoma, chakula kigumu kikawa hakipiti kooni, na kupanda kilima kukawa kunamkata pumzi. Fidla akaiacha. Mwaka 1936 alitoa kazi 25 tu, lakini 1939 (hapa ndipo ninaposhangaa) zilipita 1,200! Alifariki Muralto, 29 Juni 1940. Jina la skleroderma lilitajwa baada ya yeye kuzikwa.

Katika maradhi haya kinga ya mwili, kazi yake kupigana na adui wa nje, humgeukia mwenye nyumba. Ndani ya damu huonekana kingamwili zake, na kila moja ina habari yake. Ile ya Scl-70, iliyoelezwa 1979, humwonya daktari ayaangalie mapafu mapema. Ile ya sentromia, iliyofuata 1980, mara nyingi huenda na ngozi ya vidole na uso, polepole. Ila baada ya miaka huweza kubana mishipa iendayo mapafuni. Iko na ya RNA polimerasi III, ambayo mwenye nayo hupimwa presha kila mara kwa kuhofia figo.

Nikikumbuka pumzi za Klee, mimi huelekea kwenye Scl-70. Lakini kukisia si kupima, na madaktari wake hawakuwa na kipimo hicho.

Shangazi alikutwa na ya sentromia. Kila mwaka hupigwa picha ya moyo, naye kila mwaka hulalamikia nauli.