Mtakatifu Yoane wa Msalaba katika kifungo cha Toledo

Yoane alizaliwa Fontiveros, katika nchi ya Hispania, mwaka 1542. Baba yake alikufa mapema, mama akawalea watoto kwa kufuma nguo. Yoane akaingia shirika la watawa wa Karmeli, akawa padri mwaka 1567. Mwaka uleule Teresa wa Avila akamwomba amsaidie kuwarudisha Wakarmeli katika sheria yao kali ya zamani.

Wengi wa shirika walichukizwa. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1577 wakamkamata Avila, wakampeleka Toledo kwa siri, wakamfungia katika monasteri yao. Waliomfunga hawakuwa wapagani, bali ndugu zake wa shirika moja. Teresa akamwandikia mfalme. Lakini hakujua Yoane yuko wapi.

Chumba chake kilikuwa chembamba, hakina dirisha, ila tundu dogo juu ukutani. Ili asome sala zake sharti apande juu ya kibao, kabla nuru haijapotea. Wakati wa baridi aliganda, wakati wa joto alikosa pumzi. Chakula kilikuwa mkate, maji na sardini. Mara kwa mara walimpeleka chumba cha kulia, wakampiga mijeledi mabegani. Makovu yake hayakutoka. Humo gizani alitunga nyimbo za kumsifu Mungu, akazishika moyoni.

Baadaye akaja mlinzi mwingine mwenye huruma. Akampa karatasi na wino, hata sindano na uzi ashone nguo zake. Yoane akautumia uzi huo kupima kimo cha dirisha la nje. Kila siku akalegeza kidogo misumari ya kufuli. Akamwomba mlinzi msamaha kwa taabu alizompa, akampa msalaba wake.

Usiku mmoja wa Agosti 1578 akasukuma mlango. Kufuli likaanguka kwa kishindo. Watawa wageni waliolala karibu wakashtuka, kisha wakalala tena. Akateremka kwa vipande vya blanketi vilivyofungwa pamoja. Kamba ilikuwa fupi! Akajiachia, akaanguka juu ya ukuta, karibu na genge la mto Tagus. Akatafuta njia, akajikuta ndani ya ua wenye kuta ndefu pande zote. Alizipandaje akiwa dhaifu vile? Mwenyewe hakuweza kueleza.

Alfajiri akabisha kwa masista Wakarmeli. Sista mmoja alikuwa mgonjwa na alitaka kuungama, basi wakamwingiza. Waliomtafuta wakaja, wakapekua kanisa, wakaondoka mikono mitupu. Yoane, sauti yake hafifu, akawasomea masista nyimbo alizotunga gizani.