Imamu Ghazali, Mwalimu Aliyeacha Kiti Chake

Imamu Abu Hamid Ghazali alizaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, nchi ya Uajemi. Yasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa akirudi kutoka masomoni, wanyang'anyi waliushika msafara wao wakachukua kila kitu. Ghazali akamwandama mkubwa wao, akimsihi amrudishie madaftari yake, maana ndiyo elimu yake yote. Yule mtu akacheka, akamwuliza ni elimu gani hiyo ambayo mwizi aweza kwenda nayo. Madaftari alirudishiwa, lakini maneno yale yalimchoma, akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote moyoni. Sisi ambao elimu yetu imefungiwa madawatini tusimcheke.

Akaenda Nishapur kusoma kwa Imamu Juwayni. Mwaka 1091 Waziri Nizam al-Mulk alimpa ualimu wa chuo cha Nizamiya mjini Baghdad, naye alikuwa na umri wa miaka 33 hivi. Wanafunzi 300 walimsikiliza. Huko alivisoma vitabu vya wanafalsafa bila mwalimu, kisha akaandika kitabu cha kuwapinga katika mambo 20. Baadaye Ibn Rushd wa Hispania alimjibu kwa ukali.

Lakini alipojichunguza aliona kuwa anafundisha kwa kutaka sifa na cheo. Kwa miezi karibu sita alisitasita: asubuhi ataka kuondoka, jioni aghairi. Hata mwaka 1095 ulimi wake ukafungwa. Akitaka kufundisha, neno halitoki, wala chakula hakishuki. Waganga wakasema ugonjwa umo moyoni. Basi akagawa mali yake, akabakiza ya kuwalisha watoto, akaaga kwamba aenda Makka, kumbe nia yake ni Sham. Hila hiyo mimi siipendi, ingawa mwenyewe aliieleza waziwazi katika kitabu cha maisha yake.

Huko Dameski alikuwa akijifungia mchana kutwa katika mnara wa msikiti. Alizuru Yerusalemu na Hebron, akahiji. Katika miaka hiyo aliandika Ihya Ulum al-Din, juu ya ibada na tabia: ulafi, hasira, husuda, na kiburi cha wanazuoni, ugonjwa alioujua vizuri.

Mwaka 1106 mwana wa Nizam al-Mulk alimwita kufundisha Nishapur. Alikubali, lakini hakudumu sana. Akarudi Tus, akafundisha wanafunzi karibu na nyumba yake mpaka alipofariki Desemba 1111.