Roberts-Austen: Bingwa aliyefichua safari ya dhahabu ndani ya risasi

WENGI huamini kwamba vyuma viwili haviwezi kuwa kitu kimoja pasipo kuyeyushwa. Sir William Chandler Roberts-Austen, mwanasayansi wa Uingereza, alidhihirisha kuwa sivyo.

Alizaliwa Machi 3, 1843, akiitwa William Roberts. Jina la Austen aliliongeza mwaka wa 1885. Baada ya kusomea madini jijini London, aliajiriwa mwaka wa 1865 kuwa msaidizi wa Thomas Graham, mkuu wa kiwanda cha kifalme cha kufua sarafu. Graham alikuwa amechunguza jinsi gesi na viowevu vinavyopenyana, lakini aliaga dunia mwaka wa 1869, swali la metali ngumu likiwa bado halijajibiwa.

Mwanafunzi alilirithi swali hilo. Kikwazo kikuu kilikuwa kupima joto kali kwa usahihi, na ilimbidi asubiri miaka mingi hadi vipimajoto vya umeme vilipopatikana.

Mwaka wa 1896 alitangaza matokeo yake. Aliweka dhahabu chini ya vipande vya madini ya risasi, akavitia joto la nyuzi 251 kwa siku 31. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, hivyo vipande vilibaki vigumu muda wote. Alipovikata na kuvipima, alikuta dhahabu imepanda ndani yake.

Hakutosheka. Alibana dhahabu na risasi pamoja kwa miaka minne, bila kuzipasha moto. Mwaka wa 1900 alieleza kwamba zilikuwa zimeshikamana, na dhahabu imepenya.

Roberts-Austen alifariki Novemba 22, 1902, kabla ya kuona matunda ya subira hiyo. Mnamo 1953, Nikolai Kazakov wa Muungano wa Kisovieti aliigeuza kanuni hiyo kuwa mbinu ya kiwandani: nyuso laini na safi hubanwa zikiwa na joto kali, mahali pasipo hewa, hadi atomu zivuke mpaka na kiungo kitoweke. Kwa njia hiyo huunganishwa aloi za nikeli zinazostahimili joto la injini za ndege, ambazo aghalabu hupasuka zikichomelewa kwa kuyeyushwa.

Jina lake limesalia katika austenaiti, umbo mojawapo la chuma cha pua. Kumbukumbu yake kuu, hata hivyo, ni viungo visivyoonekana.