Robert Recorde, Mwalimu wa Hesabu

Kila siku katika chumba cha darasa twaandika alama ya mistari miwili mifupi iliyolala sambamba, mmoja juu ya mwenziwe. Kushoto kwake huandikwa hesabu, na kulia kwake jawabu. Watu wengi hudhani ya kuwa alama hii ilikuwapo tangu kale. Sivyo, iliwekwa na mtu mmoja, na hii ndiyo habari yake.

Robert Recorde alizaliwa yapata mwaka 1512 katika mji wa Tenby, ulio pwani ya Wales. Alisoma katika chuo kikuu cha Oxford, kisha Cambridge, na mwaka 1545 akapewa cheo cha udaktari wa tiba. Walakini jina lake halikumbukwi kwa dawa, bali kwa hesabu.

Siku zile elimu ya hesabu ilikuwa kama nyumba iliyofungwa kwa kufuli. Wataalamu wengi waliandika vitabu vyao kwa Kilatini, lugha asiyoijua mchuuzi, wala seremala, wala baharia. Tena watu wengi walikuwa wangali wakitumia namba za Kirumi, ambazo ni vigumu kuzijumlisha katika karatasi. Basi walihesabu kwa kusogeza vidude vya mviringo, mfano wa sarafu, juu ya meza iliyopigwa mistari.

Recorde akaufungua mlango ule. Mwaka 1543 kilichapwa kitabu chake The Ground of Artes, kwa Kiingereza, lugha ya watu wa sokoni na njiani. Alikitunga kwa mfano wa mazungumzo ya watu wawili, mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi yule si hodari. Mwanzo aidharau hesabu. Baadaye auliza, ashika jambo nusu, akosa. Mwalimu humwonyesha kosa lake, kisha ndipo waendeleapo mbele. Hivyo msomaji aliyekosa kosa lile lile nyumbani kwake aliona ya kuwa hayuko peke yake, naye akapata kusahihishwa.

Katika kitabu hicho mna njia ya kumsaidia mtu asiyeshika kwa moyo hesabu kubwa za kuzidisha. Tuseme ataka kuzidisha 8 kwa 7. Na aandike 8, na chini yake 7. Kando ya 8 aandike 2, maana 8 imepungukiwa na 2 kufika 10. Kando ya 7 aandike 3. Kisha azidishe 2 kwa 3, apate 6. Hiyo ndiyo namba ya mamoja. Halafu akate njia ya msalaba: atoe 3 katika 8, au 2 katika 7, kwa njia zote mbili atapata 5, nayo ndiyo namba ya makumi. Jawabu ni 56. Wewe usomaye, jaribu 9 kwa 6, uone kama utapata 54.

Recorde alitunga na vitabu vingine: cha jometri mwaka 1551, cha elimu ya nyota mwaka 1556, na cha aljebra mwaka 1557, kiitwacho The Whetstone of Witte. Alipoandika hicho cha aljebra alichoka kurudia maneno ya kusema kitu hiki ni sawa na kile. Basi akaweka mistari miwili yenye urefu mmoja, kwa kuwa aliona hapana vitu viwili vinavyolingana kuliko hiyo.

Lakini maisha yake hayakuwa mepesi. Serikali ilimpa kazi katika kiwanda cha kupiga sarafu mjini Bristol, na baadaye katika migodi ya Ayalandi. Huko Bristol, mwaka 1549, alikataa kumpelekea fedha bwana mmoja mkubwa, William Herbert, aliyekuwa baadaye Earl wa Pembroke, maana hakuletewa amri ya mfalme. Tangu hapo uadui ukaingia kati yao. Mwaka 1556 Recorde alimshtaki bwana yule, naye akamshtaki Recorde kwa kumharibia jina. Mwaka 1557 Recorde akahukumiwa kulipa pauni 1,000, mali nyingi mno siku zile. Hakuilipa, akatiwa gerezani huko Southwark, karibu na London, na humo akafa mwaka 1558.

Alama yake nayo haikupokewa upesi. Ilipita zaidi ya miaka mia kabla ya kuenea katika nchi za Ulaya. Bali kitabu chake cha kwanza kiliendelea kuchapwa tena na tena hata mwaka 1699, na wengi wasiojua Kilatini walijifunza hesabu kwacho. Yule bwana mkubwa aliyemshinda barazani, ni wachache wamjuao leo. Lakini mistari miwili ya mfungwa yule huandikwa na watoto wa dunia nzima kila siku ya shule.